Mchawi wa Brodie

Ujumbe uliingia asubuhi, Glenys akiwa bado na gauni la kulalia, anamjazia mbwa maji kwenye beseni. Maneno mawili tu, kama kawaida: "Bado hai?"

Siku nyingine angejibu hapo hapo, na bomba likiendelea kutiririka. "Hai." Neno moja, basi. Kisha kingefuata kimya cha wiki kadhaa mpaka mwanawe aulize tena. Safari hii aliitia simu mfukoni bila kujibu. Ilikuwa Jumapili ya vita vya daraja, na hakutaka kumwandikia mtoto wake jambo ambalo hadi jioni huenda lingekuwa uongo.

Aliyeulizwa hali yake hakuwa mtu. Alikuwa mchawi, jina lake Othrek, mchawi wa vita wa Kikosi cha Jivu, mwenye joho la kijivu na fimbo ya mti uliopigwa na radi, na maisha yake yote alikuwa ameishi juu ya meza ya mchezo, nyumbani kwa Vasko. Brodie alimbuni alipokuwa shuleni. Akamchezesha kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, na siku alipoondoka mjini kwa hasira alimwachia mama yake vitu viwili: mbwa, na karatasi ya Othrek. "Mtunze," alisema. Hakusema anamaanisha yupi. Glenys akawatunza wote wawili.

Tangu siku ile Brodie hapokei simu. Mama akipiga, inalia mpaka inachoka. Yuko kaskazini, kwenye meli za kuvua kamba, na habari zake nyingine Glenys huzipata kwa watu. Kilichobaki kati yao ni swali lile la maneno mawili na jibu lile la neno moja. Glenys alikuwa ameshaliwaza jambo hili akiosha vyombo, akianika nguo, akisubiri zamu yake dukani: siku Othrek akifa, Brodie hatakuwa na la kuuliza. Na asipouliza, ndiyo basi tena.

Nyumba ya Vasko, kama nyumba zetu nyingi, imechimbwa ndani ya kilima. Nje jua linakaanga mawe. Ndani ni baridi, kuta nyekundu zina mikwaruzo ya mashine, na hewa inaingia kwa bomba lililotoboa dari hadi juu kilimani. Vasko alichimba opali, yale mawe ya thamani, mpaka goti likamkataa. Sasa anasimulia vita. Katika mchezo wao kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, dadu la pande ishirini linaamua kama amefaulu, na Vasko, nyuma ya kipande chake cha kadibodi, ndiye anayejua kilichopo nyuma ya kila mlango.

Glenys alipofika, Despina wa duka la mikate alikuwa anakata andazi lake la mchicha na jibini, na Tully, fundi wa malori, alikwishalila nusu.

"Mshika farasi kafika!" Tully akapiga kelele.

"Nyamaza, mdomo umejaa," Despina akamwambia. "Karibu, shoga. Kaa hapa karibu nami. Mbona umepauka hivyo?"

"Jua tu."

"Jua lipi? Jua hili hili la kila siku?"

Glenys alitandika karatasi zake mbili mezani. Moja ilikuwa ya Wenna, mganga, mhusika wake mwenyewe. Nyingine ya Othrek. Akapanga na visanamu vyao, akamweka Othrek nyuma kabisa, pembeni ya farasi watatu wa bati. Hapo ndipo alipokaa tangu Brodie aondoke. Wenzake wakivunja ngome, Othrek anashika hatamu. Wakipigana na majitu mtoni, Othrek anawanywesha farasi. Kejeli za Tully zilianza zamani, na Glenys alizizoea kama alivyozoea nzi.

Vasko akakohoa.

"Asubuhi kuna ukungu. Ng'ambo ya mto mnasikia chuma. Si askari kumi, si ishirini. Jeshi zima la Mfalme wa Chumvi linakuja darajani, na nyuma yenu kuna mji ambao bado haujaamka. Halafu," akainamisha kichwa kana kwamba analisikia kweli, "baragumu. La Kikosi cha Jivu."

Tully akaacha kutafuna.

Baragumu lile halikuwa limelia hata mara moja katika mchezo wao. Wachawi wa Kikosi cha Jivu si wachawi wa kufukuza mbu. Ni wale waliochujwa, wakachujwa tena, na wana uchawi mmoja usiofanywa na mtu mmoja: watatu wanashikana mikono, ndilo duara lao, ukuta wa moto unasimama, na ukuta unaendelea kusimama kwa muda wote ambao wao wameshikana. Despina alikuwa na mchawi wake, Kesra. Tully alikuwa na Bron. Wa tatu alikuwa anashika farasi.

Macho yote yakamgeukia Glenys.

"Na asipokwenda?" akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

Vasko alijikuna goti. "Sheria ya Kikosi unaijua. Asiyeitika baragumu anavunjiwa fimbo. Hawamuui. Anakwenda zake, akachunge mbuzi, akauze viazi, shauri yake. Uchawi basi."

"Lakini atakuwa hai."

"Atakuwa hai, ndiyo."

"Glenys!" Despina akaweka kisu chini. "Usiniambie unafikiria hilo."

Alikuwa analifikiria. Simu ilikuwa inamchoma pajani. Angeweza kutoka nje sasa hivi, akaandika "Hai", na lingekuwa neno la kweli kabisa, hakuna mtu ambaye angemshika kwa uongo. Brodie angelala salama. Wiki kadhaa zingepita, naye angeuliza tena.

Lakini Glenys alikwisha kumwona mtu aliyevunjiwa fimbo. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya baba yake Brodie kuanguka kwenye shimo la machimbo akafa, pale karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Brodie akapata mwenzake wa kuchimba naye, wakagawana eneo, wakanunua winchi. Glenys akampigia yule mwenzake simu kwa siri, akamwomba, huku analia, asimshushe kijana wake chini. Ampe kazi ya juu, ya kuvuta ndoo. Yule bwana akaenda kusimulia baa. Ikawa kila Brodie akiingia mahali mtu anaweka mkono sikioni na kusema, "Halo? Mama anaomba asishuke." Alivumilia hadi majira ya baridi, kisha akafunga begi. Hapigi kelele, Brodie. Ule uso wake tu alipokuwa anamfunga mbwa kamba, Glenys anauona mpaka leo.

Akanyoosha mkono. Akamwinua Othrek kutoka kwa farasi, akampitisha juu ya mji uliolala, na kumsimamisha darajani, katikati ya Kesra na Bron. Vidole vilibaki juu ya kichwa cha kile kisanamu. Kwa Vasko, ukiachia umeachia. Hakuna kurudi nyuma.

"Achia basi," Tully akasema, safari hii bila kejeli.

Akaachia.

"Othrek anaitika," Glenys akasema.

Despina akapiga meza kwa furaha mpaka vikombe vikaruka. Ila Vasko alikuwa ameivuta karatasi ya Othrek, anaisoma na miwani puani, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Glenys, hii ndiyo karatasi yake ya sasa?"

"Ndiyo hiyo."

"Ni ile ile aliyoiacha Brodie."

"Nimeitunza vizuri. Hata kukunjika haijakunjika."

Vasko akaivua miwani. "Mama wee. Mhusika huongezeka nguvu kwa kupigana. Hawa wawili wamepigana miaka yote hii, sasa hivi Bron anaweza kugongwa na lori akaamka akajipangusa vumbi. Huyu wako ana mwili wa siku ile ile aliyoanza kushika farasi. Mkuki mmoja mzuri unamtosha."

Kwa muda wote ule Glenys alidhani anamweka akiba, kama mtu anayefungia sahani nzuri kabatini. Kumbe kila Jumapili aliyomficha alikuwa anamwacha mwepesi zaidi mbele ya siku kama hii.

"Nimrudishe?"

"Umeachia."

Vita vikaanza. Wachawi wakashikana mikono, moto ukasimama mtoni kutoka ukingo hadi ukingo, na jeshi la Mfalme wa Chumvi likaanza kurusha mishale kupitia ndimi za moto. Mshale wa kwanza ukamkwaruza Othrek sikio.

"Wenna anamponya," Glenys akasema kabla Vasko hajamaliza.

"Shoga, ni mkwaruzo huo."

"Wenna anamponya!"

Wa pili ukamchana mkono. Wenna akamponya. Jiwe likamgonga bega, hata damu haikutoka, Wenna akamponya. Despina akamshika Glenys kiwiko. "Sikiliza. Wenna hana dawa za bila mwisho. Mwache aumie kidogo. Mwache!" Lakini mikono ya Glenys ilikuwa inakwenda yenyewe, inafuta na kuandika, inafuta na kuandika, na jasho lilimtoka ndani ya nyumba ambamo watu huvaa sweta. Hakuwa anaona daraja. Alikuwa anaona kijana wake amesimama kwenye ukingo wa shimo, anainama kuchungulia.

Dawa ya mwisho ya Wenna ilikwenda kwenye kifundo cha mguu kilichoteguka.

Ndipo Vasko akarusha dadu lake nyuma ya kadibodi, akalitazama, akafumba macho kidogo. Akaiondoa kadibodi yote ili waone. Ishirini.

"Mkuki," akasema. "Umepita kwenye moto, umepita kwenye joho. Kifuani."

Akamlaza Othrek juu ya daraja kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Wenna..." Glenys akasema.

"Wenna mikono mitupu," Vasko akasema. "Samahani. Limebaki dadu la mwisho. Kumi na kuendelea, anapumua. Chini ya hapo, amekwenda."

Glenys akalifuata dadu kwa mkono. Kiganja kikubwa cha Vasko kikalifunika.

"La mwisho analirusha mwenyewe."

Sheria ile haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyethubutu kuivunja. Zamani Tully alimrushia Despina dadu la mwisho wakati Despina yuko chooni, akamuua binti mfalme wake, na Despina hakumuuzia mkate majira yote ya baridi. Tangu hapo hakuna aliyejaribu tena. Unaweza kumshikia mtu mhusika wake, kumlisha, kumvisha, kumpiganisha. Kufa na kupona ni juu ya mwenyewe.

"Mimi ndiye ninayemtunza!"

"Wewe mlezi, Glenys. Mwenyewe ni Brodie."

"Brodie hapokei simu, mnajua kwamba hapokei!"

Tully ndiye aliyesimama kwanza, akavaa kofia yake. "Twende nje. Humu ndani hata mtandao wenyewe haushiki."

Walitoka watatu, Vasko akabaki kwa sababu ya goti. Jua likawapiga usoni kama mlango. Wakapanda kilima hadi juu ya nyumba, ambako mtandao unashika vizuri kidogo, wakasimama kando ya bomba la hewa linalochomoza ardhini na kofia yake ya bati. Nzi wakawapokea.

Glenys akapiga. Ikalia. Ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena.

Kutoka ardhini, sauti ya Vasko ikapanda kwa bomba: "Anasemaje?"

"Hajapokea!" Despina akapiga kelele, ameinama juu ya bomba.

"Eh?"

"Hajapokea, babu! Zibua masikio!"

Glenys akaitazama simu. Ule ujumbe wa asubuhi ulikuwa bado pale juu, haujajibiwa. Bado hai? Mikono ilikuwa na jasho hata herufi zikawa zinakataa. Tangu Brodie aondoke, jibu lake lilikuwa neno lile lile moja. Sasa aliandika lingine.

"Sijui."

Akatuma. Wakangoja. Tully alikuwa anachora mavumbini kwa kiatu. Despina alimkinga Glenys kichwa kwa sahani ya andazi. Glenys alijiambia pengine yuko baharini, amelala, amelisoma akaitupa simu.

Ikalia mkononi mwake, karibu aiangushe.

"Mama?" Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Nyuma yake injini na kelele za ndege wa pwani. "Mama, umeandika nini? Sijui nini? Kuna nini?"

"Brodie."

"Uko salama?"

"Niko salama. Ni Othrek. Amelala darajani. Dadu la mwisho ni lako."

Glenys akaangalia kama simu imekatika.

"Alikuwa darajani anafanya nini?" Brodie akauliza. "Si anashika farasi? Tully aliniandikia. Alisema mtu akitaka kumpata Othrek afuate mavi ya farasi."

Tully akaangalia mbinguni.

"Baragumu lililia," Glenys akasema. "Akaitika. Alikuwa katikati ya duara."

"Katikati? Nani kamweka?"

"Mimi."

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Kwa mkono huu huu."

Alisikia mwanawe akivuta pumzi. Kisha vyombo vikagongana, droo ikafunguliwa. "Ngoja. Ninalo hapa, liko kwenye kopo la sukari. Ngoja kidogo... haya. Nalirusha kwenye sahani. Mnasikia?"

Walisikia. Despina na Tully walikuwa wamesogeza vichwa karibu na simu mpaka kofia zikagongana. Dadu likalia kwenye bati, likazunguka, likazunguka, likatulia.

Brodie angeweza kusema lolote. Hakuna aliyekuwa anaona sahani ile isipokuwa yeye.

"Nne," akasema.

"Rusha tena," Glenys akasema haraka. "Upepo mwingi hapa. Hatukusikia vizuri."

"Mama."

"Rusha tu tena, mwanangu, nani atajua?"

"Mama. Ni nne."

Glenys akakaa chini, pale pale kwenye mawe ya moto. "Haya," akasema.

"Kasemaje?" bomba likauliza.

"Nne!" Despina akajibu, na sauti ikamkatika. Chini ya ardhi Vasko akatukana kwa Kimasedonia, tusi refu la heshima, kama dua.

Glenys alikuwa anangoja mlio wa simu kukatika. Alikuwa ameukaza mwili wote kuungoja, kama mtu anayengoja baruti ilipuke. Othrek amekufa. Swali limeisha. Sasa atasema haya, kwaheri, na meli itaondoka.

"Duara je?" Brodie akauliza. "Lilishika?"

"Eh?"

"Duara, Mama. Othrek kaanguka. Kesra na Bron walibaki wawili. Ukuta ulisimama au ulianguka?"

"Sijui. Hatujafika hapo. Tumekuja kukupigia wewe."

"Sasa mnangoja nini? Mji wote uko nyuma yao!" Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya mezani, ya kijana anayesimama kwenye kiti. "Nendeni mkamalize. Nina nyavu hapa za kupanga, halafu nitapiga unieleze."

"Utapiga?"

"Nitapiga. Mbwa hajambo?"

"Mzee. Meno yameisha. Yupo."

"Mpe salamu."

Ikakatika.

Tully na Despina walikwishaanza kushuka kilima. Despina akageuka. "Njoo, shoga, Wenna yuko peke yake kule."

Glenys hakuinuka. Ndani ya nyumba mtandao haushiki. Alishikilia simu kwa mkono mmoja, juu, mbali na jasho lake, na kwa mwingine akaiondoa ile kofia ya bati, akaliinamia bomba.

"Vasko! Nitachezea hapa."

"Utachezea wapi?"

"Hapa juu! Niambie tu kinachotokea!"

Chini alisikia mlango, viti vikivutwa, Tully akisema mchezo huu sasa umekuwa wa vichaa. Kisha sauti ya Vasko ikapanda gizani, ya kusimulia, iliyochoka kidogo: moto unayumba. Mikono miwili imebaki mitupu darajani, mkono wa Kesra upande huu, mkono wa Bron upande ule, na katikati yao amelala mtu wa Kikosi cha Jivu. Jeshi limeuona upenyo.

"Wenna anafanya nini?" Vasko akauliza.

Wenna hakuwa wa Kikosi cha Jivu. Alikuwa mganga, hana moto, na dawa alikwishazimaliza kwenye mikwaruzo.

"Anamfunika Othrek kwa joho lake," Glenys akasema ndani ya bomba. "Halafu anasimama mahali pake. Anawashika mikono."

"Yeye si mchawi, Glenys. Moto utampitia mwilini. Nitataka dadu, na dadu gumu."

"Nirushie."

"Hili ni lako wewe, siwezi kulirusha mimi."

"Basi lilete!"

Mtu akatoka mbio. Ilikuwa Tully, anahema, na dadu mkononi na ile sahani ya andazi. Akapiga magoti mavumbini mbele yake, akaiweka sahani chini, akaipangusa makombo kwa mkono wa shati.

Glenys alikuwa amelikunja dadu kiganjani, bado hajalirusha, simu ilipoanza kulia.

"Tayari?" Brodie akauliza, anahema kama aliyekimbia. "Duara limeshika?"

"Tulia, mwanangu," Glenys akasema. "Sikiliza. Ndiyo narusha sasa."